"Intaneti Haifanyi Kazi": Namna ya Kumweleza Mtu wa TEHAMA Shida Yako Mpaka Itatuke

Zilikuwa zimebaki siku tano dirisha la kuwasilisha tasnifu lifungwe. Kila kitu kilikuwa tayari: msimamizi ameshasaini, marejeo yamepangwa, faili la PDF limekaa vizuri. Kilichobaki ni kuingia kwenye mfumo wa chuo, kupakia faili na kubonyeza kitufe kimoja. Nikakaa maktaba, nikawasha kompyuta yangu ya mpakato. Wi-Fi ikashika bila shida, alama zake zote zimejaa. Nikafungua ukurasa wa mfumo, ukagoma. Nikajaribu Google, ikagoma. Barua pepe nayo hivyo hivyo.

Basi nikafanya ambacho wengi wetu tungefanya. Nikachukua simu nikaliandikia dawati la TEHAMA: "Habari za kazi. Wi-Fi ya maktaba haifanyi kazi. Naomba msaada wa haraka sana." Nikatuma, nikasubiri.

Kesho yake nikajibiwa kwamba fundi amepita maktaba, amekagua kifaa cha Wi-Fi, kinafanya kazi, na suala limefungwa. Nilikasirika kweli. Nikajibu kwa herufi kubwa. Wakakagua tena, wakanijibu vile vile. Siku ya tatu nikabeba kompyuta hadi ofisini kwao. Kaka aliyekuwa zamu akaniuliza, "Dada, inakuandikia nini hasa?"

"Inakataa tu."

"Inakataaje?"

Nikamfungulia aone. Akaangalia skrini kidogo, kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya chini kulia. Tarehe pale ilisomeka 1 Januari 2015. Akarekebisha saa, na kila kitu kikafunguka. Haikufika hata dakika mbili.

"Dada," akaniambia, wala hakuwa na hasira, "nyie mkija huku mnatuletea dawa. Tuleteeni ugonjwa."

Niliwasilisha tasnifu zikiwa zimebaki siku mbili. Ningechelewa, ningelipia muhula mwingine, na hela hiyo sikuwa nayo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kwa nini tatizo la dakika mbili lilinila siku tatu? Uvivu wa mafundi haukuhusika. Mimi niliwapa jibu langu la kubahatisha, nao wakalifuata.

Saa inahusianaje na intaneti?

Tuanze na saa yenyewe, maana hata mimi nilidhani ni mazingaombwe.

Kompyuta nyingi zina betri ndogo ya ndani inayotunza saa hata zikiwa zimezimwa. Kwenye kompyuta za mezani mara nyingi ni ile ya duara kama sarafu. Betri hiyo ikichoka, na ile kubwa nayo ikiisha chaji kabisa, kompyuta husahau tarehe. Ukiiwasha tena inaanza na tarehe ya zamani iliyowekwa na watengenezaji. Yangu ilikuwa ya mtumba, na mtaani kwetu umeme ulikuwa umekatika mwisho wa wiki nzima. Kwa kawaida kompyuta inaweza kujirekebishia saa kupitia intaneti, ila kwangu mpangilio huo ulikuwa umezimwa.

Sasa, ukifungua ukurasa wowote unaoanza na https, kabla hujaona hata neno moja, seva ya upande wa pili inakuonyesha cheti. Cheti hicho kinataja jina la tovuti, nani amekithibitisha, na tarehe mbili: ya kuanza kutumika na ya kuisha. Muda huo si mrefu. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivi bure, limezoeleka kwa vyeti vya siku 90 tu. Kivinjari chako kinachukua tarehe hizo mbili na kuzilinganisha na saa ya kompyuta yako.

Kompyuta ikiamini tuko mwaka 2015, cheti kilichotolewa mwezi uliopita ni cheti cha miaka mingi ijayo. Ni sawa na mlinzi wa getini aonyeshwe kitambulisho ambacho tarehe yake ya kutolewa bado haijafika. Atakuzuia, na atakuwa amefanya kazi yake vizuri.

Na simu yangu je? Simu huchukua saa kutoka mtandao wa simu, hivyo tarehe yake ilikuwa sahihi. Hapo ndipo aibu yangu ilipo: malalamiko kwamba Wi-Fi ya maktaba haifanyi kazi niliyatuma kwa simu iliyokuwa imeunganishwa kwenye Wi-Fi hiyo hiyo ya maktaba. Ushahidi kwamba Wi-Fi ni nzima nilikuwa nao mkononi. Na kwenye skrini ya kompyuta, chini ya maneno ya onyo, kulikuwa na mstari huu: NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Neno DATE limo humo humo. Niliuona mara kumi na kila mara nikaufunga, kwa sababu ulionekana kama takataka za kompyuta.

Vituo sita kabla ya kufika

Ukurasa mmoja wa intaneti hupita vituo kadhaa kabla ya kukufikia, na kila kituo kinaweza kukwama kivyake. Kwa lugha ya kawaida viko hivi:

1. Redio. Kompyuta yako inaongea na kifaa cha Wi-Fi kilichoko ukutani au darini. Kikwazo kikiwa hapa, jina la Wi-Fi halionekani kabisa, au inashika na kuachia. Ukisogea karibu ikapona, chanzo ni umbali, kuta nene au wingi wa watu.

2. Anwani. Kila kifaa kinapoingia mtandaoni hupewa anwani ya namba. Ikishindikana, Wi-Fi itashika lakini itaandika hakuna intaneti. Ukitazama kwenye mipangilio ukakuta anwani inaanza na 169.254, ujue kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuigawia.

3. Jina. Wewe unaandika jina la tovuti, lakini mashine zinatumia namba. Kuna huduma inayotafuta namba ya kila jina, nayo huitwa DNS. Ikikwama, ujumbe wa kosa mara nyingi hutaja DNS, au husema tovuti haikupatikana.

4. Cheti na saa. Hapa ndipo nilipokwama mimi.

5. Akaunti. Ukurasa unafunguka vizuri, lakini jina lako au nywila inakataliwa.

6. Mfumo wenyewe. Umeingia, ila ukurasa unazunguka tu, au unakuletea namba kama 500, 502 au 503. Namba zinazoanza na 5 husema seva ndiyo yenye shida. Zinazoanza na 4 huhusu ombi lenyewe: 404 ni ukurasa ambao haupo, 403 ni mahali ambapo huna ruhusa.

Angalia sasa sentensi "intaneti haifanyi kazi". Inaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo sita, na kila kimoja mara nyingi kina fundi wake. Anayepanda ngazi kukagua kifaa cha darini si lazima awe ndiye anayesimamia mfumo wa usajili. Mimi nilipoandika "Wi-Fi ya maktaba", nilikuwa nimeshachagua kituo namba 1 bila kujua, wao wakamtuma mtu wa kituo namba 1. Alikagua, akakuta kizima, akafunga suala. Alikuwa sahihi kabisa.

Wanaona usichokiona, hawaoni unachokiona

Wengi tunadhani mtu wa TEHAMA amekaa mbele ya skrini inayomwonyesha kila kitu. Sivyo. Kutegemea mifumo ya chuo, anaweza kuona kwamba kifaa fulani kiliunganishwa, kikapewa anwani fulani, akaunti fulani imefungwa baada ya nywila kukosewa mara nyingi, au seva imelemewa. Lakini skrini yako haioni. Haoni saa yako, haoni ulibonyeza nini, wala hajui kwamba tatizo lilianza baada ya umeme kukatika.

Kwa hiyo kuna nusu mbili za habari, yako na yake. Taarifa nzuri ni ile inayozikutanisha.

Kinachozikutanisha haraka zaidi ni muda. Mifumo huandika rekodi ya kila tukio kwa saa, dakika na sekunde. Kwenye chuo kikubwa rekodi hizo zinaweza kuwa maelfu ya mistari kwa siku moja. Ukisema "leo asubuhi", umempa fundi kichaka. Ukimtajia dakika, umemwonyesha mti.

Hapa sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Saa nne na dakika kumi asubuhi, kwenye rekodi za kompyuta imeandikwa 10:10. Ukiandika "4:10" peke yake, fundi anaweza kwenda kutafuta rekodi za saa kumi alfajiri, au za saa kumi jioni, asikuone. Andika "saa 4:10 asubuhi", au nakili saa kama inavyosomeka kwenye kompyuta. Na kabla ya kunakili, hakikisha saa hiyo ni sahihi. Mimi nilishajifunza.

Kitu kimoja usimpe: nywila

Nimesema mpe fundi ushahidi, lakini ushahidi huo haujumuishi nywila yako. Fundi wa kweli haihitaji ili akusaidie. Anaweza kuifuta ile ya zamani ili uweke mpya bila kuijua kabisa. Ukipata ujumbe unaosema "dawati la TEHAMA linahakiki akaunti, tuma nywila yako", huyo ni tapeli, hata kama nembo ya chuo ipo na jina la mkuu wa idara lipo.

Watu hulalamika: "Kwa nini wasinikumbushe tu paswedi yangu?" Kwa sababu mfumo uliojengwa vizuri hauijui. Ukiweka nywila, mfumo unaipitisha kwenye hesabu ya upande mmoja na kutunza matokeo tu. Fikiria mahindi na unga. Mahindi yakishasagwa, unga haurudi kuwa mahindi. Ukija kuingia, mfumo unasaga ulichoandika na kulinganisha unga na unga. Kabla ya kusaga huongezwa kitu cha kubahatisha ambacho wataalamu wamekiita chumvi, ili watu wawili wenye nywila moja wasipate unga unaofanana. Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs, Marekani, waliieleza njia hii kwenye makala yao ya mwaka 1979.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chuo cha MIT kilikuwa na kompyuta ambayo watu wengi waliitumia kwa pamoja, kila mmoja na nywila yake na mgawo wake wa muda. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa PhD, aliona muda wake haumtoshi kwa utafiti. Akagundua kwamba angeweza kuomba faili la nywila lichapishwe kwenye karatasi. Akaomba, likachapishwa, akawa anatumia muda wa wenzake. Faili lilikuwa linasomeka kama orodha ya majina ya darasa. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayehangaikia muda, naelewa kishawishi. Lakini ndiyo maana leo, mfumo ukikutumia kwa barua pepe nywila yako ile ile ya zamani, hapo ndipo uwe na wasiwasi.

Ukiwa chuo cha wenyewe

Kuna mahali pengine ambapo watu hulalamika kwenye dawati lisilo lao: eduroam. Huduma hii ilianza Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo ipo kwenye vyuo vingi duniani, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Wazo lake ni kwamba ukiwa na akaunti ya chuo chako, unapata Wi-Fi kwenye chuo kingine kinachoshiriki bila kuomba nywila ya wenyeji.

Inavyofanya kazi ni hivi. Tuseme umetoka Morogoro ukaenda kwenye kongamano Kampala. Unapojiunga, wenyeji wanaangalia sehemu ya jina lako iliyo baada ya alama ya @, kisha wanapeleka ombi lako hadi kwenye seva ya chuo chako nyumbani. Seva ya nyumbani ndiyo inayokagua nywila na kujibu ndiyo au hapana. Wenyeji hawaioni nywila yako.

Ukielewa hilo, mambo mawili yanakuwa wazi. Kwanza, ukiandika jina bila @ na sehemu inayofuata, ombi halijui liende wapi. Kosa hili huwa halionekani mkiwa nyumbani, kwa sababu baadhi ya vyuo huwakubalia watu wao hivyo hivyo, linajitokeza ukisafiri. Pili, wenyeji wakikuambia "kwetu ni sawa, umekataliwa na chuo chako", hawakufukuzi. Wanaoweza kuona sababu ya kukataliwa ni dawati la nyumbani. Waandikie, uwatajie uko wapi na ulijaribu saa ngapi. Vizuri zaidi, jaribu eduroam chuoni kwako kabla hujapanda basi.

"Nina mshikaji wangu TEHAMA"

Sasa tuseme ukweli. Wengi wetu hatuandiki kwenye mfumo wa kuripoti. Tunamtumia ujumbe WhatsApp jamaa tunayemjua: "Kaka, niangalizie." Naelewa, maana madawati mengine yana watu wachache na majibu yanachelewa. Lakini njia hii ina gharama ambayo sisi watafiti tunapaswa kuiona haraka kuliko wengine.

Ripoti rasmi hupewa namba, na namba hiyo ni data. Watu arobaini wakiripoti kwamba mfumo wa usajili unagoma kila Jumatatu asubuhi, mchoro unaonekana, na mkuu wa idara ana cha kumwonyesha anayegawa bajeti. Watu hao hao wakiwatumia ujumbe washikaji wao, kwenye rekodi tatizo halipo. Mshikaji amekutatulia wewe leo, lakini chanzo kimebaki pale pale, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na mshikaji anaachwa nje ya usajili. Sampuli yetu inakuwa ya watu wanaojuana tu, na sote tunajua sampuli ya namna hiyo inavyodanganya.

Kwa hiyo omba namba ya tiketi na uitunze. Ukifuatilia, jibu kwenye tiketi ile ile badala ya kufungua mpya, ili atakayeingia zamu ya kesho asome historia yote. Na kama suala limefungwa bila kutatuliwa, liombe lifunguliwe tena, kisha ongeza ushahidi mpya. Kurudia malalamiko yale yale kwa herufi kubwa, kama nilivyofanya mimi, hakumwongezei fundi chochote.

Ningeandika hivi

Ningekuwa na akili hii siku ile, ujumbe wangu ungesomeka hivi:

"Habari za kazi. Niko maktaba, ghorofa ya pili. Kompyuta yangu imeshika Wi-Fi lakini hakuna tovuti inayofunguka, si mfumo wa tasnifu wala Google. Nimejaribu leo saa 4:10 asubuhi. Inaandika NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, picha ya skrini nzima nimeambatanisha. Simu yangu kwenye Wi-Fi hii hii inafungua kila kitu. Jana ilikuwa nzima. Usiku ilizima kwa kukosa umeme. Nimeizima na kuiwasha, hali ni ile ile. Mwisho wa kuwasilisha tasnifu ni Ijumaa."

Humo hakuna utaalamu wowote. Nilikuwa wapi, nilitaka kufanya nini, nilijaribu saa ngapi, ikaniandikia nini neno kwa neno, nini kinafanya kazi na nini hakifanyi, nini kilibadilika tangu mara ya mwisho, nimejaribu nini, na mwisho wangu ni lini. Sikuandika popote kwamba Wi-Fi ni mbovu. Hiyo ilikuwa kazi ya fundi kugundua. Kwa ujumbe huo asingehitaji hata kupanda ngazi, angenijibu, "Dada, angalia tarehe ya kompyuta yako."

Picha ya skrini iwe ya skrini nzima, siyo kipande ulichokikata mwenyewe. Ukikata, unaondoa kile ulichodhani hakina maana. Mimi ningekata ile kona ya chini kulia.

Kompyuta ile ninayo bado. Nimeibadilishia betri ya saa, na hata hivyo kila umeme ukikatika usiku, kitu cha kwanza ninachotazama asubuhi ni tarehe.